Haki ya Kuhitajika

Mwalimu mwenye wanafunzi sitini huandika swali moja ubaoni, akawapa wote dakika arobaini, kisha akasahihisha kwa kalamu nyekundu ile ile. Ukimwuliza kama ametenda haki, atakujibu kwamba hakumpendelea yeyote, na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo, miongoni mwa hao sitini yupo aliyekuja bila kula, yupo anayefikiri kwa Kiduruma na kuandika kwa Kiingereza, yupo asiyesikia vizuri akiwa dawati la nyuma, na yupo aliyelijua jibu kabla chaki haijafika mwisho wa mstari. Wote wamepewa kitu kimoja. Je, kuwapa watu tofauti kitu kimoja ndiko kuwatendea sawa?

Mwanafalsafa Aristotle alilijibu swali hili kwa tahadhari. Katika kitabu cha tano cha maandishi yake juu ya maadili alisema kwamba ugomvi huzuka pale walio sawa wanapopewa visivyo sawa, na vilevile pale wasio sawa wanapopewa vilivyo sawa. Nusu ya kwanza ya wazo hilo tumeishika vizuri. Ndiyo hutufanya tukasirike mtihani unapoibwa. Nusu ya pili imetuwia vigumu. Nchini Kenya, tangu 1985 hadi 2023, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliwapa karatasi moja mtoto wa Lavington, mtaa wa kitajiri wa Nairobi, na mtoto wa Lodwar, mji wa kaskazini kame, na usawa wa karatasi ile ukatuzuia kuona ni kwa njia tofauti kiasi gani watoto hao wawili walikuwa wameifikia.

Jibu ambalo wengi hulikimbilia ni kinyume chake: kila mtoto apewe cha kwake. Mwepesi apewe hesabu ngumu, mzito apewe nyepesi, asiyeweza kuandika insha apewe picha apake rangi. Nia ni njema, na zipo saa ambapo hakuna njia nyingine. Lakini watoto husoma mpangilio wa darasa upesi kuliko wanavyosoma vitabu. Anayepewa picha kila Jumatatu huku wenzake wakiandika huelewa, bila kuambiwa, mwalimu amekata shauri gani juu yake. Amehudumiwa, ameonewa huruma, pengine hata amesifiwa. Ila akikosa shule wiki nzima hakuna kazi itakayokwama.

Hapo ndipo ninapoliona tatizo lenyewe. Majibu yote mawili humwona mwanafunzi kama mpokeaji, na ugomvi wao ni juu ya mgao tu. Hakuna linalouliza mtoto huyu anatoa nini, wala ni nani darasani anayemngojea. Ninaamini kwamba haki ya mtoto shuleni haiishii katika kupewa. Anayo pia haki ya kuhitajika, na ufundishaji wa miradi, ukifanywa ipasavyo, ndio njia bora ninayoijua ya kuitimiza.

Wazo la mradi si geni. Mwanafalsafa wa Marekani John Dewey alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, na humo watoto walipika, wakafuma na kuseremala, na kupitia kazi hizo wakaingia katika hesabu, sayansi na historia. Mwaka 1918 William Heard Kilpatrick akaandika makala iliyoeneza njia hiyo kwa jina la mradi. Kwetu, Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania wakati huo, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mnamo Machi 1967, akitaka shule ziwe pia mashamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua pamoja na kulima. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, na mitaala mipya iliyoanza Tanzania Januari 2024, imelirudisha wazo hilo mezani. Basi tulitazame kwa karibu.

Tuchukue mfano wa gredi ya sita katika sehemu kavu za Kinango, kaunti ya Kwale, ambako maji huchotwa silanga, yaani bwawa dogo, na tuseme paa la shule halina hata gata moja. Mwalimu anauliza: mvua ijayo ikinyesha juu ya darasa hili, tutapata maji kiasi gani, na yatatutosha siku ngapi? Jibu la swali hilo haliko nyuma ya kitabu. Linataka vipimo vya paa, linataka kujua mvua ya huku hunyesha kiasi gani, linataka hesabu ya maji yanayotumika shuleni kila siku, na mwisho linataka mtu wa kusimama mbele ya kamati ya wazazi na kuomba pesa za gata na tangi.

Kijana anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kupanda ngazi, na mtu angedhani kwamba kazi imemfungia nje mapema. Lakini paa hili halihitaji kupandwa. Kinachohesabiwa ni eneo la ardhi ambalo paa limelifunika. Mteremko wa bati hauongezi maji. Vipimo sahihi viko chini, na yeye aliye chini na tepu mkononi ndiye wa kuvichukua. Tuseme paa linafunika mita 8 kwa 6, yaani mita 48 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 20 italeta lita 960.

Mwepesi wa hesabu ameshafika hapo kabla wenzake hawajafungua madaftari. Kisha anakwama. Lita 960 ni nyingi au ni chache? Kwao kuna mfereji uani na hajawahi kubeba maji kichwani. Anayejua ni msichana wa dawati la nyuma, yule ambaye rejista humwandika mtoro kila kiangazi, kwa sababu alfajiri huwa njiani kwenda silanga. Anajua kwamba hiyo ni mitungi 48 ya lita 20. Anajua jiko la shule humaliza mitungi mingapi siku ya kupika maharagwe. Anajua pia kwamba maji ya kwanza ya mvua hayafai kunywewa, kwa kuwa yameosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati, kwa hiyo hesabu ya mwenzake lazima ipunguzwe.

Jambo lililomfanya mtoro ndilo lililomfanya mjuzi. Sisemi kwamba umaskini ni baraka. Hakuna mtoto anayepaswa kukosa masomo kwa ajili ya maji. Ninasema kwamba shule iliyomwandika mtoro ilikuwa na mtaalamu ndani yake na haikumjua, kwa sababu haikuwahi kuuliza swali linalomhitaji.

Tutazame pia alichokipata yule mwepesi. Miaka yote shule imemzoesha kutomhitaji mtu. Amemaliza wa kwanza, amekaa akingoja, na kungoja kumemfundisha kwamba wengine ni ucheleweshaji. Hilo nalo ni dhara, ingawa huwa tunalipigia makofi siku ya kutoa zawadi. Mtoto wa aina hiyo akikua akawa mhandisi, atachimba kisima mahali ambapo hakuna atakayekwenda kuchota, kwa kuwa hakuwahi kujifunza kuwauliza wachotaji. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walijua kwamba aliye tofauti nasi huja na dawa ya ugonjwa ambao hatujui kuwa tunao.

Najua mambo hayaendi hivyo kwa wepesi. Katika shule nyingi shamba la kujitegemea liligeuka kuwa nguvukazi ya bure na mahali pa adhabu. Waliochelewa kengele ndio waliopalilia. Na wazazi wa Kenya wana haki ya kulalamika juu ya usiku waliotumia wakitafuta karatasi za manila na gundi, wakatengeneza wenyewe kinyago cha kutishia ndege kitakachopewa alama kwa jina la mtoto. Hata ndani ya darasa, kikundi cha watano kikiachwa kijiendee, mmoja hufanya kila kitu, wawili hutazama, mmoja hutumwa kuleta maji ya kuchanganya rangi, na wa mwisho huandika majina yao yote juu ya karatasi, kisha kazi yake imekwisha. Tofauti ambazo mradi ulikusudiwa kuzipa thamani zinatoka humo zimethibitishwa kuwa daraja za juu na za chini.

Elizabeth Cohen, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliichunguza hali hiyo kwa miaka mingi. Aliona kwamba wanaodhaniwa kuwa werevu huzungumza zaidi kikundini, na wanaozungumza zaidi hujifunza zaidi, hivyo dhana hujilisha yenyewe. Dawa yake ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kazi yenyewe idai uwezo wa aina nyingi, na wanafunzi waambiwe wazi kwamba hakuna aliye nao wote, lakini kila mmoja ana baadhi yake. Pili, mwalimu akimwona mtoto anayedharauliwa ametoa kitu cha maana, akitaje kitu hicho mbele ya wote, kwa ukweli na kwa undani, ili wenzake wajue wamwendee kwa lipi.

Huko Austin, Texas, mwaka 1971, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake walikuwa wameingia katika madarasa ambayo yalikuwa yamechanganya watoto weupe, weusi na wa asili ya Meksiko kwa mara ya kwanza, na uhasama ulikuwa mkali. Waliligawa somo vipande, kila mtoto akapewa kipande chake, na wenzake hawakuwa na njia ya kukipata ila kwa kumsikiliza. Mtoto aliyezoea kuchekwa kwa Kiingereza chake sasa alikuwa ameshika kitu walichokihitaji, na waliomcheka wakagundua kwamba kicheko kinawagharimu wao. Kilichowabadilisha hakikuwa hotuba ya upendo. Muundo wa kazi ulibadilika kwanza, na adabu ikafuata.

Funzo ninalolipata hapo ni kwamba kuhitajiana hakuji kwa kukusanya madawati pamoja. Hupangwa, na mwenye kupanga ni mwalimu. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walichapisha makala wakionya kwamba wanafunzi wachanga katika somo hawajifunzi vizuri wanapoachwa watafute wenyewe pasipo mwongozo, kwa kuwa akili haiwezi kubeba mambo mengi mapya kwa mpigo. Onyo hilo ninalikubali. Watoto wa Kinango wafundishwe eneo la mstatili ubaoni, kwa mifano na mazoezi, kabla ya kutoka na tepu. Anayeumia zaidi mwalimu anapojiweka kando ni yule asiye na mtu wa kumwuliza nyumbani, yaani yule yule ambaye mradi ulikusudiwa kumwinua.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote. Kusema kwamba mtoto ana haki ya kuhitajika, je, si kumpima kwa faida yake? Mwanafalsafa Kant alifundisha kwamba utu haupaswi kamwe kutumiwa kama chombo tu. Itakuwaje kwa mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa akili, ambaye hatapima paa wala kuzidisha 48 kwa 20?

Jibu langu linaanzia kwenye tofauti ya kiwanda na shule. Kiwandani kazi huwepo kwanza, ndipo watu wakatafutwa wa kuitosha. Shuleni watoto huwepo kwanza, ndipo kazi ikatafutwa ya kuwatosha. Mwalimu anao uhuru ambao msimamizi wa kiwanda hana: anaweza kuibadili kazi. Pipa la shule halina alama za lita, basi lijazwe mtungi kwa mtungi na kuwekewa alama kila maji yanapopanda. Na anayemimina, polepole, wenzake wakihesabu kwa sauti, ni mtoto huyo. Bila mkono wake pipa halina namba. Kama mwalimu atamwondoa kwa sababu mwingine angemimina haraka zaidi, basi ameacha kufundisha na ameanza kuzalisha.

Zitakuwepo siku ambazo mchango wa mtoto hautaonekana hata tukiutafuta kwa bidii. Siku hizo thamani yake haipungui kwa nukta, kwa sababu haikutokana na mchango tangu mwanzo. Kilichopungua ni kazi tuliyoibuni. Haki ya kuhitajika ni deni la anayepanga, wala haiwezi kugeuzwa kuwa mtihani wa anayepangiwa. Na kuna jambo ambalo huruma peke yake haiwezi kumpa mtoto: kuaminiwa kiasi cha kuweza kulaumiwa. Yule tusiyemtegemea kwa lolote hatumkemei, na hatumheshimu pia. Aliyechukua vipimo vya paa akivikosea, kikundi kizima kitakosea, na wenzake watamrudia wakamwambia apime tena. Kumrudia huko ni heshima.

Haya yanadai mambo ya kawaida kabisa. Mwalimu mwenye wanafunzi sabini asiambiwe aanzishe mradi kila wiki. Mmoja uliofikiriwa vizuri kwa muhula unatosha. Vifaa vitoke shuleni au katika mazingira yake, maana mradi unaodai pesa za nyumbani umeshawachagua wa kuhitajika kabla haujaanza. Kila mtoto aulizwe peke yake alichoelewa, ili alama ya kikundi isimfiche aliyelala wala aliyebeba wenzake. Na kabla ya yote, mwalimu apitie majina ya rejista moja baada ya jingine, akijiuliza kuhusu kila moja: kazi hii itakwama wapi huyu asipokuwepo? Jina lisilo na jibu linamtaka airekebishe kazi.

Dewey aliona shule na demokrasia kuwa jambo moja, na nadhani sababu iko hapa. Wananchi wengi wamekaa shuleni miaka minane, kumi na miwili, bila siku hata moja ya kungojewa na mtu. Tunashangaa baadaye kwamba hawaji kwenye mkutano wa kijiji na hawaulizi bajeti ya kata imekwenda wapi. Walishafundishwa kwamba mambo huenda bila wao. Shule inayotaka kuwafundisha vingine haina budi kuanza kuwahitaji wangali watoto, wote, kila mmoja kwa jambo lake la kweli.