Jina la Nani Leo?

Tuseme uko hapa Kasesya, mpakani na Zambia. Jua limezama, lori la mahindi ndiyo kwanza linaingia. Msimamizi anaita majina matatu ya ovataimu, yale yale ya jana. Wengine wanakung'uta vumbi la magunia mabegani, wanaondoka kimya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka ovataimu iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Aitwe nani kwanza, hilo kaachiwa mwajiri, na ndipo panaponiuma. Bandika orodha ya zamu ukutani, bosi: jana yeye, leo mimi. Na anayesema leo nimechoka, kesho aitwe tena.