Kuacha Si Kuharimisha

Mtu aliyezaliwa Mombasa akaja Kericho kwa kazi ya ualimu, akaishi humo hata wajukuu zake wakaiita nchi ya chai kuwa ndiyo kwao, hujifunza mengi ambayo pwani hayakupata kumpitia moyoni; nami sikudhani kamwe kwamba chungu cha maharagwe chaweza kuzusha mas'ala ya dini.

Jamaa yangu, wakubwa kwa wadogo, wameazimia kulala siku mbili mahemani, katika shamba la wazazi wa mkaza mwanangu, upande wa Bomet, si mbali na Mto Nyangores ambao hukutana na Amala ukawa Mto Mara. Mkaza mwanangu ni Msabato, na ingawa Wasabato wengi wa huko hula mbuzi, yeye nyama aliiacha tangu usichana wake. Watoto wa jirani yetu Mhindi, ambao hawaachani na wajukuu zangu, hawaijui ladha yake. Sisi Waislamu twaila, maadamu imechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nilipokata shauri kwamba safari nzima iwe bila nyama, mdogo wangu aliniuliza kwa adabu, "Kaka, huoni kuwa unajiharimishia alichokuhalalishia Mola?"

Sikumjibu upesi, kwa maana hoja yake ina asili. Kurani imewakataza waumini kuviharimisha vizuri walivyohalalishiwa, na mtu adhaniye kwamba kwa kuiacha nyama amemkaribia Mungu kuliko jirani yake aliyeila, huyo, kwa itikadi yangu, amepotoka. Lakini kuacha ni jambo jingine. Mtume mwenyewe aliandaliwa mjusi wa jangwani aliyechomwa, akauondoa mkono wake, akaeleza kwamba nyama ile haikuwa katika nchi ya watu wake. Khalid bin Walid akaivuta akaila mbele ya macho yake, wala hakukatazwa. Aliyeacha hakumlaumu aliyekula, na halali ikabaki halali.

Tena mfano wa pili uko papa hapa Kericho, katika hekalu la Wasikh, ambao watu wa mji huwaita Kalasinga, lenye kumkumbuka Baba Puran Singh, aliyeishi na kufanya kazi mjini humu kabla ya kuhamia Uingereza. Humo, kwa desturi iliyoasisiwa na Guru Nanak yapata miaka 500 iliyopita, kila aingiaye huvua viatu, hufunika kichwa, huketi chini katika safu moja na wenzake, tajiri ubavuni mwa mchuma majani, akapewa dengu, mboga na mkate bila malipo. Si Wasikh wote walioacha nyama majumbani mwao; lakini jiko la hekalu haliipokei, ili asitokee mgeni wa kuambiwa kwamba sahani hii si yake. Nilipoketi safuni mara ya kwanza nilikula bila kuuliza ni nani aliyechinja, na raha ile sijaisahau.

Taabu ilinijia kwa baba yake mkaza mwanangu, mzee wa Kikipsigis, ambaye kwake mgeni asiyechinjiwa ni mgeni aliyetwezwa. Nilimwendea mwenyewe, kwa kuwa neno kama hilo halitumwi kwa mtoto. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, basi mtakunywa mursik mpaka mchoke." Maziwa hayo yamegandia katika sotet, kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet, na hakuna hata mmoja katika msafara wetu aliyekatazwa na dini yake kuyanywa.

Yaliyosalia yamepangwa na jua. Sisi wanaume hatuwezi kuondoka kabla ya sala ya Ijumaa, na mkaza mwanangu hapiki tangu jua la Ijumaa lizamapo, karibu saa kumi na mbili u nusu, hata lizame la Jumamosi. Nchi hii iko takriban mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka yakiwa nyuzi 93 tu, kwa hiyo maharagwe hukawia kuiva kuliko Mombasa, na mvua ya alasiri haina huruma kwa kuni. Ndipo tukaamua kuyapika nyumbani asubuhi, pamoja na viazi vitamu na chapati za Sabato. Pojo, ziivazo upesi, zingoje usiku wa Jumamosi. Saga na mnavu zichumwe huko huko shambani, zitiwe maziwa kuondoa uchungu, kama wafanyavyo wenyeji.

Mdogo wangu ameridhika, naye ndiye atakayebeba sufuria. Leo ni Alhamisi. Maharagwe yamelowekwa tangu magharibi.