Subira na Pupa

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana: “Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako,” na “Subira huvuta heri.” Tufuate ipi? Natuutazame mpira wa kikapu wa Marekani. Mwaka 2007 Boston Celtics walitoa vijana wao, wakampata Kevin Garnett, mwenye miaka 31. Mwaka 2008 wakawa mabingwa. Mwaka 2013 Brooklyn Nets walimchukua kwao, naye wakati huo akiwa na miaka 37, wakawapa Boston haki zao za kuchagua wachezaji chipukizi wa miaka ijayo. Ubingwa hawakuupata. Haki hizo ziliwafungulia Boston njia ya kuwapata Jaylen Brown na Jayson Tatum. Wakawalea kwa subira, na mwaka 2024 wakatwaa ubingwa. Basi kubadilishana si kosa, maadamu tumepima tunachotoa na tunachopata. Kosa ni pupa: kuila leo mbegu ambayo wenzetu wangeipanda kesho.