Hamisheni Mlango Kabla ya Kuvunja Ukuta

Wanangu mnaojenga hapa Simbo, na ninyi mliorithi nyumba za wazazi wenu, nina neno nanyi. Siku hizi ramani inatoka kwenye simu. Kijana anaona picha ya nyumba yenye paa la msauzi, inamkaa moyoni, anampelekea fundi, anadunduliza miaka kadhaa na nyumba inasimama. Kwa nje inapendeza kweli. Familia ikishahamia ndipo manung'uniko yanaanza: sebule imegeuka njia, mlango wa choo unatazamana na meza ya chakula, bibi kapewa chumba cha mwisho na usiku anapapasa kuta akitafuta pa kutokea. Mwenye nyumba anaamua kuvunja. Nawasihi, nyundo isitangulie.

Itazameni nyumba yenu siku nzima, tangu maji ya alfajiri hadi taa kuzimwa. Nani anapita wapi, kabeba nini, anamkatiza nani? Na asiulizwe baba peke yake. Waulizeni wanaopika, wanaodeki na wanaobeba ndoo, maana nyumba mbaya inawachosha wao kwanza.

Ipo nyumba moja hapa kijijini, ya vijana wenye watoto wadogo. Jiko lao liko kona ya nyuma, ila mlango wake ulikuwa mmoja tu, nao ulifungukia sebuleni. Mama akitoka uani na ndoo anaingia koridoni, anakata sebule katikati ya wageni, ndipo anafika jikoni. Kuni zilipita hapo hapo. Siku wakwe walipokuja, ndoo ilipita magotini pao na maji yakadondoka kwenye mkeka. Walikuwa wameshakubaliana na fundi abomoe ukuta mzima wa sebule, eti papanuke. Tukaenda nyuma ya nyumba tukatazama dirisha la jiko. Juu yake lenta ipo tayari. Fundi akatoa tofali za chini ya dirisha tu, akaacha upana ule ule, akaweka fremu ya mlango. Tofali zilizotoka zikajenga ngazi mbili za kushukia uani. Mlango wa sebuleni ukabaki wa kupitishia chakula. Maji na kuni sasa vinaingia kwa nyuma, na ile sebule iliyoonekana finyu imetosha.

Ndiyo maana nasema mlango kwanza. Ukuta wa ndani usidhani ni pazia. Nyumba nyingi za tofali za kuchoma zina kuta za ndani zinazobeba kenchi. Kabla hujagusa, panda juu ya dari uone mbao zimelalia wapi. Ikibidi kupatoboa, fundi aegemeze mirunda kwanza, aweke lenta inayoingia ukutani pande zote mbili, tundu liwe mbali na kona. Na walioko mjini, Kigoma au Ujiji, wapite manispaa kuulizia kibali kabla ya kuanza.

Mkipata nafasi nendeni Ujiji mkazitazame nyumba za zamani. Mbele baraza, ndani ukumbi ulionyooka hadi uani, vyumba huku na huku, jiko na choo nyuma. Unaweza kutoka barabarani hadi uani bila kukanyaga chumba cha mtu. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, mazungumzo yao ya kwanza waliyafanya barazani, wakiwa wameketi nje ya tembe alimokaa Livingstone. Wageni wengi haja yao inaishia hapo. Kwa hiyo ukiona sebule inakuelemea, simamisha nguzo mbele, ezeka bati, jenga kibaraza cha kukalia. Ni nafuu kuliko kubomoa, na mama atanyonyesha ndani kwa amani.

Jiko ndilo linaloniumiza zaidi. Ramani za simu zinaweka jiko katikati ya nyumba kwa sababu aliyezichora alifikiria gesi. Sisi hapa tunachemsha maharage saa nzima na zaidi kwa kuni, tunakaanga migebuka kwa mawese, tunasonga ugali wa muhogo unaotaka moto wa nguvu. Moshi ule unaingia vifuani mwa mama na mtoto aliye mgongoni. Mkaa nao usiuamini kwa kuwa hauna moshi mwingi. Chumba kikifungwa, hewa ya mkaa inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Jengeni jiko la uani, na njia kati yake na nyumba muiezeke bati, kwa sababu mvua zetu zikianza Oktoba hazitaki mchezo. Lile jiko la ndani lifanyeni la gesi na vyombo, au stoo.

Kuna pia jua. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilihamishia watu vijijini, na katika vijiji vile nyumba zilipangwa mistari kufuata barabara. Mazoea hayo tunayo bado, kila mmoja anageuzia uso barabarani bila kuuliza jua linapita wapi. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Ukuta wa magharibi unachomwa alasiri yote mwaka mzima, na usiku unautema ule moto chumbani. Watoto wakilala upande huo wanagaagaa hadi usiku wa manane. Badilisheni matumizi: stoo iende magharibi, watoto waje mashariki. Hapo hamtoi hata shilingi, mnabeba vitanda tu.

Kazi ya tofali na plasta ifanyeni mvua zikiwa zimekatika, Juni hadi Agosti. Plasta imwagiliwe maji siku kadhaa, isiachwe ikauke kwa pupa.

Na bibi? Wengi mtasema apewe chumba kilicho karibu na choo. Huenda ni sawa. Lakini nimewaona wazee waliohamishiwa huko wakanyong'onyea, kwa kuwa vyumba vyao vya zamani vilipakana na sebule na walikuwa wanasikia wajukuu wakicheza na wageni wakibisha hodi. Pengine taa ya koridoni na kishikio ukutani vingetosha. Mwulizeni mwenyewe kabla hamjabeba kitanda chake.