Je, Kupiga Mayowe ni Dhambi?

Mama mmoja hapa Ukunda aliniletea simu ya kijana wake. "Pasta, hebu sikiza. Haya si mapepo?" Ulikuwa muziki wa metali wa Mkenya anayejiita Lord Spikeheart, kutoka albamu yake The Adept ya mwaka wa 2024. Ngoma zinakimbia kama mvua ya masika juu ya mabati, naye haimbi, anapiga mayowe. Hata mimi nilishtuka.

Lakini analilia nini? Katika albamu hiyo anamkumbuka Muthoni wa Kirima, jamaa yake, mwanamke wa Mau Mau aliyepigana msituni. Uchungu kama ule utaimbwaje kwa sauti laini?

Bartimayo naye alipaza sauti, watu wakamkemea anyamaze. Yesu alisimama, akamuuliza anataka nini (Marko 10:46-52).

Sisemi kila kelele ni maombi. Iko ya chuki, hiyo tuikatae. Ila tuulize kwanza. Nilimuuliza yule kijana. Alinyamaza kitambo, kisha akamtaja babake, tuliyemzika Msambweni mwaka jana.

Wapendwa, tusikemee pepo mahali penye msiba.