Nani Anabeba Gharama ya Wito?



Ndugu mmoja kati yetu ameacha kazi ya kuandika programu za kompyuta, sasa anafundisha sayansi shuleni. Watoto wanaunganisha betri, nyaya na balbu kwa mikono yao. Taa ikikataa kuwaka, wanatafuta wenyewe palipokatika. Mshahara wake umepungua sana. Wengi wetu tulimlaumu: je, wale anaowasomesha nyumbani?

Swali hilo ni la haki. Paulo anatuonya vikali tusiache kuwatunza walio wetu (1 Timotheo 5:8). Lakini Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake kwa kazi ya dhahabu, mawe na mbao, tena akamtia moyo wa kuwafundisha wengine (Kutoka 35:30-35). Kufundisha mikono nako ni karama.

Tulipomsikiliza tukajua: aliwapigia simu wa nyumbani kwanza, akahamia nyumba ndogo, akauza gari. Ada bado inatumwa. Aliyejipunguzia ni yeye.

Basi tusipime wito kwa mshahara. Tuulize nani anabeba gharama yake. Anayembebesha mwenzake, tumwonye kwa upendo. Anayeibeba mwenyewe, tumwombee, wala tusimcheke.