Je, gunia la mchele linamtosha yatima?

Katika Ramadhani ya mwaka 2023 baadhi yetu, Waislamu wa mtaa mmoja hapa Moshi, tulikwenda kufuturisha watoto wa kituo cha kulelea yatima kilichoko nje kidogo ya mji. Tulichukua magunia mawili ya mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni na tende. Tuliomba dua, tukapiga picha, tukaondoka kabla ya Isha. Kwa hesabu yangu tulikaa pale muda wa saa moja na nusu.

Watoto wa pale wamefundishwa adabu. Kila mwanamke anayeingia getini ni "mama" na kila mwanamume ni "mjomba". Mmoja wao, wa miaka saba hivi, alinipokea mfuko, akaniuliza: "Mjomba, utakuja tena lini?" Nikamjibu Insha Allah, kwa ile namna yetu mbaya ya kulitumia neno hilo tukufu pale ambapo hatuna nia. Baadaye, katika mazungumzo tu, mlezi akanitajia jina la baba wa mtoto yule na kijiji alikotoka, huko Rombo. Nilishtuka. Mama yake alikuwa binti wa baba yangu mkubwa, na alifariki mwaka 2019. Mtoto aliniita mjomba kwa adabu za kituo, kumbe mimi ni mjomba wake kweli.

Nilikuwapo kwenye kikao cha ukoo baada ya arobaini ya marehemu. Tulisema maneno mazuri sana siku ile. Tulisema mtoto ni wetu sote, tukachanga fedha, tukashuka mjini. Mtoto akabaki na bibi yake mzaa baba. Bibi alipoishiwa nguvu, mtu fulani akasikia habari za kituo chenye wafadhili na shule ya Kiingereza. Tulipoambiwa mtoto "amepata nafasi" tulimshukuru Mungu, kana kwamba kachaguliwa kwenda chuo kikuu. Hakuna aliyeuliza ni kituo gani.

Sasa swali linalonisumbua ni hili. Mchele niliompelekea mtoto wa dada yangu, ni sadaka au ni kitu kingine?

Tukirejea kwenye Qur'an Tukufu tutaona jambo ambalo ni rahisi kulipita. Katika Suratul Fajr, aya ya 17, Mwenyezi Mungu anawalaumu watu kwa kutomkirimu yatima. Kuhimizana kulisha masikini kunakuja katika aya inayofuata. Katika Suratul Maa'un vilevile, kumsukuma yatima ni kosa la kwanza, na kutohimiza chakula cha masikini ni la pili. Ni mambo mawili. Mtu anaweza kumshibisha yatima na bado akawa amemsukuma. Na pale Suratul Balad inaposifu kulisha siku ya njaa, hebu tazama anayelishwa ni nani: ni yatima aliye jamaa. Aya zinazotangulia zimeiita kazi hiyo al-aqaba, yaani njia ngumu ya kupanda mlimani. Sisi tunaokaa chini ya Kilimanjaro hatuhitaji kufafanuliwa sana maana yake. Gari letu la mchele siku ile halikupanda mlima wowote.

Tena tumtazame Mtume wetu (S.A.W.). Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake akafariki yeye akiwa na miaka sita, na babu yake alipokuwa na minane. Aliyemchukua ni ammi yake, Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali kidogo, katika mji uliokuwa na matajiri wengi kuliko yeye. Na nyumbani kwa Abu Talib alikuwapo mkewe, Fatima binti Asad, ambaye khutba zetu humtaja kwa nadra. Wanaume ndio husema "tutamchukua mtoto". Anayempikia, anayemfulia na kukesha naye akiwa na homa mara nyingi ni mwanamke ambaye hakuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba ninavituhumu vituo bure. Naomba nieleweke. Mtoto aliyetupwa barabarani usiku anahitaji mahali pa kulala usiku uleule. Na nyumba za jamaa si zote zenye huruma. Kwenye vihamba vyetu huku juu yupo yatima anayeamshwa alfajiri kwenda kuchota maji wakati watoto wa mwenye nyumba wamelala. Na yupo ami aliyemchukua mtoto kwa sababu ya kihamba cha marehemu, akavuna migomba na kahawa, mtoto asione senti. Suratun Nisaa, aya ya 10, imewaeleza watu hao kwamba wanachokula ni moto. Kwa mtoto wa namna hiyo kituo ni nafuu, nami siwezi kubisha.

Lakini nafuu si malezi. Huko Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto wadogo 136 wa vituoni. Nusu yao, kwa kura, wakapelekwa kulelewa kwenye familia. Waliopelekwa kwenye familia walipata maendeleo bora ya akili, hasa waliotoka kituoni kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto anahitaji mtu ambaye hatabadilika. Kituoni walezi hupokezana zamu, huku wageni wanaokuja kupanda mlima wakijitolea wiki tatu, wakizoeleka, kisha wakapanda ndege. Tumezoea kuwalaumu Wazungu hao. Wao wiki tatu, sisi saa moja na nusu.

Njia nyingine ipo, tena tumeiona hapahapa. UKIMWI ulipokuwa unatuzikia vijana, wanawake wa mkoa huu waliunda KIWAKKUKI mwaka 1990. Walipanda vijijini kuwatembelea wagonjwa na yatima majumbani mwao. Hebu tujiulize, kwa nini zaka na sadaka zetu zisiende kwa shangazi au bibi anayelea, kisha kamati ya msikiti, yenye akina mama ndani yake, ikapita kila mwezi kuangalia mtoto analala wapi na daftari lake likoje? Fedha bila kubisha hodi zitaliwa. Kubisha hodi bila fedha ni umbea.

Kisheria hakuna kizuizi. Uislamu umekataza kumbadilishia mtoto nasaba, kama Suratul Ahzab ilivyomrudisha Zayd kwenye jina la baba yake Haritha, lakini umeacha mlango wa kafala wazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu malezi ya kambo kupitia Ustawi wa Jamii, ambayo hayamwondolei mtoto ubini wake.

Kwa upande wangu, tulianza maombi baada ya Idi. Afisa Ustawi wa Jamii alikuja mara mbili. Safari ya kwanza alikagua chumba. Safari ya pili aliuliza nani ataamka usiku mtoto akiugua. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa swali la ada ya shule. Mke wangu alinitazama, akanyamaza, akaniachia nijibu. Nikasema tutapokezana. Afisa akaliandika jibu hilo kwenye fomu yake, kisha akauliza kihamba cha marehemu kiko mikononi mwa nani. Kwa ajili hiyo nikaomba ukoo ukae tena, na safari hii niliomba bibi yake naye aitwe.